Kifurushi cha kuuguza pua baada ya operesheni: chupa nimeipenda, karatasi ya maelezo hapana

Nimekitumia kwa wiki 6 baada ya operesheni ya kurekebisha umbo la pua, ile ya wazi inayoacha kidonda kidogo kwenye kipande cha ngozi kinachotenga matundu mawili. Ndani kuna chupa ya kubana ya mililita 240, paketi 30 za chumvi, chupa ndogo ya kupuliza, shashi, plasta ya karatasi na mfuko wa jeli wa kugandisha. Nyota 4 kati ya 5.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni maji ya chumvi. Utando wa ndani ya pua iliyopasuliwa hutoa damu na ute kwa siku kadhaa, hewa inavikausha, na magaga yanashikamana na nyuzi. Ukilibandua gaga kwa kidole, kidonda kinafunguka, damu inatoka tena, na kesho yake gaga linakuwa kubwa zaidi. Maji ya chumvi hulilainisha mpaka lidondoke lenyewe. Wiki ya kwanza ni chupa ya kupuliza tu: mipulizo 2 kila tundu, kila baada ya saa 2 au 3 ukiwa macho, bila kuvuta kwa nguvu. Chupa ya kubana isubiri vigango vya silikoni vya ndani (vile vibamba vya kushikilia pua) vitolewe na daktari aruhusu. Hapo ni asubuhi na jioni: inama kidogo tu juu ya sinki, mdomo wazi, bana polepole. Masikio yakiziba, umebana mno. Ukimaliza usipenge, acha maji yachuruzike. Kupenga kusubiri angalau wiki 2, na chafya ipigwe mdomo ukiwa wazi.

Karatasi ya maelezo inasema tu utumie "maji safi". Hapo nimekasirika kweli. Maji yanayofaa kunywa si lazima yafae puani. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, iitwayo Naegleria fowleri: ukiimeza haikudhuru, lakini ikipanda kwa njia ya pua huingia ubongoni na huua karibu kila inayempata. Huko Karachi, Pakistani, imeua watu ambao hawakuogelea popote. Walipandisha maji ya bomba puani wakati wa udhu. Kwa hiyo chemsha. Maji yakishatokota sana, yaache dakika 1. Mahali palipo juu kama Eldoret, dakika 3. Funika sufuria, yapoe hadi uvuguvugu. Paketi zikiisha, weka robo kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto kwa mililita 240, kwa sababu ile yenye madini joto inaweza kuwasha. Maji matupu yasiyo na chumvi huwasha vibaya zaidi. Chupa ioshwe kila mara na ikaushwe ikiwa wazi.

Kwa Waislamu wenzangu: kupandisha maji puani kusubiri, kigango cha nje, kile kigumu kinachokaa juu ya pua, kisilowe, na swala ya wiki ya kwanza iwe ya kukaa, maana sijda hujaza damu usoni na kuongeza uvimbe. Mueleze sheikh wako hali yako kabla ya operesheni.

Mfuko wa jeli ni mzuri, ila picha yao inauonyesha umelazwa juu ya pua. Usifanye hivyo. Mifupa imekatwa, na uzito pamoja na unyevu vinalegeza kigango. Ufunge kwenye khanga, uweke mashavuni na chini ya macho, dakika 15 hadi 20 kila saa, kwa saa 48 za mwanzo. Uvimbe na kuvilia damu hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, kwa hiyo kioo cha siku hiyo kisikutishe. Lala chali, kichwa kikiwa juu kwa mito 2 au 3. Kujifukiza, hata mafua yakikushika, hapana: joto linapanua mishipa na damu inaanza upya. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo ulichopewa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza kutoka damu, zisiguswe bila ruhusa ya daktari.

Plasta ya karatasi imenishangaza kwa ubora. Kigango kikitoka, kwa kawaida karibu na siku ya 7, ngozi iliyokuwa chini yake huwa na mafuta na vipele, ni kawaida. Kama daktari anataka uifunge usiku, ioshe taratibu kwanza. Vipande viwili vinakaa mgongoni mwa pua kwa kukingama, na kimoja chembamba kinapita chini ya ncha na kupanda pande zote mbili kama machela. Asubuhi lowesha plasta kabla ya kuivua. Kwa wenye ngozi nene, kama wengi wetu, ncha ndiyo hupungua mwisho, na inaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Vaseline na vijiti vya pamba havimo, nunua. Paka utando mwembamba mlangoni mwa tundu, usizidi urefu wa ile pamba.

Nyota ya 5 nimeikata kwa jambo moja. Pua ikiziba ghafla pande zote mbili, maumivu yakizidi badala ya kupungua, na ukuta wa katikati ukavimba laini, huenda damu imekusanyika kati ya utando na gegedu, ule mfupa laini wa pua. Gegedu hulishwa na utando huo. Vikitengana hufa, na mgongo wa pua hudidimia. Hapo ni daktari siku hiyo hiyo, hata usiku. Karatasi ya kurasa 4 haina mstari hata mmoja kuhusu hilo.