Prosesa na mazabodi ya kompyuta isiyokula umeme: angalia tundu kabla ya kori

Kibanda changu cha stationeri kiko Mkuranga na kinaendeshwa na sola: paneli, inveta, na betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 100. Mwaka jana muuzaji wa Kariakoo aliniuzia prosesa (ubongo wa kompyuta) AMD Athlon 3000G na mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) ya A320. "Dada yangu, hii ni wati 35 tu, utachapa mpaka usiku." Siku ya kwanza ya mawingu, saa kumi jioni inveta ikaanza kulia, na mimi niko katikati ya fomu ya mtu ya cheti cha kuzaliwa.

Nikaazima mita kwa fundi. Kompyuta imekaa tu, haifanyi kazi yoyote, inavuta wati 38. Ongeza monita, ongeza kinachopotelea kwenye inveta. Betri ya asidi huitumii zaidi ya nusu kama unataka idumu, yaani nusu ya wati-saa 1,200 (volti 12 mara Ah 100), 600 hivi. Hesabu ikajieleza yenyewe.

Namba ile 35 inahusu joto la prosesa, ili mtengenezaji ajue afunge feni ya namna gani. Haikuambii kompyuta nzima itakula kiasi gani. Na kwangu mwizi hakuwa prosesa. Alikuwa pawa saplai ya wati 500 niliyopewa "bure" na kesi: pawa saplai kubwa ya bei rahisi ikibebeshwa mzigo mdogo, sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto. Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujauliza prosesa ina kori (vichwa vya kufanyia kazi) ngapi, shika mazabodi, igeuze, uone umeme unaingilia wapi.

Namba moja kwangu ni mazabodi ya ASRock N100DC-ITX. Mimi ni mtu wa ASRock, sifichi. Inakuja na Intel N100 ya mwaka 2023, kori 4, wati 6, tayari imechomelewa kwenye bodi. Haina feni, na nyuma ina tundu la chaja ya volti 19, kama laptopu. Pawa saplai huihitaji. Mita ileile ilisoma wati 11. Tofauti ya wati 27 kwa saa kumi ni wati-saa 270, karibu nusu ya akiba yangu ya siku! Ila jamani, betri ni volti 12 na tundu ni 19. Msiunge waya moja kwa moja. Tafuta chaja ya laptopu ya kwenye gari, ile inayopandisha 12 kuwa 19, uhakikishe ncha inaingia. Hapo kompyuta inaikwepa inveta kabisa. Kasoro zake: nafasi ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni moja, na prosesa huwezi kubadilisha. Mimi sijawahi kubadilisha prosesa maishani.

Ya pili, ASUS Prime N100I-D D4. Prosesa ni ileile, lakini inataka pawa saplai ya kawaida, maana yake unamrudisha mwizi ndani. RAM yake ni ya laptopu, wakati ya ASRock ni ya deskitopu; wengi wanagundua wakishafika nyumbani.

Kama unahariri video, nenda prosesa ya Intel Core i3-12100 na mazabodi ya H610, ukikubali kula umeme zaidi. Soma herufi ya mwisho: 12100F haitoi picha mpaka ununue kadi ya picha. Watakwambia "ni ileile, bei tu imeshuka."

Za bei ya kutupa, zile zenye prosesa ya Celeron J1900, prosesa hiyo ni ya mwaka 2013. Boksi ndilo jipya. Windows 11 haizitambui rasmi. Pita.

Halafu bei. Dola ilipopanda mwaka 2024, wauzaji walipandisha siku hiyohiyo. Shilingi ilipopata nguvu mwishoni mwa mwaka uleule nikarudi, nikaambiwa "mzigo ni wa zamani, bosi." Nilipopeleka pawa saplai yangu nikaambiwa ya bure haina waranti. Bado ninayo, feni inalia kama cherehani. Anayeitaka aje Mkuranga kwa nauli yake.