Datsun 240Z kwa Anayetaka Kuunda Gari Lake Unguja: Bati Kwanza, Injini Baadaye

Katika magari ya spoti ya zamani ambayo mtu wa Unguja au Pemba anaweza kuyachagua ili aliunde moja upya kwa mapenzi yake, Datsun 240Z ndilo ninaloliweka mbele, lakini naliweka mbele kwa sharti moja zito: fedha nyingi ziende kwenye bati, si kwenye injini. Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu gari hili huanza na swali la nguvu za farasi, na wengine huwa wameshachagua hata rangi ya rimu kabla hawajainama kuangalia chini ya gari. Kisiwani petu utaratibu huo haufai.

Nissan walilitoa gari hili Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na nchi za nje zikalipata kwa jina la Datsun 240Z. Lina injini ya L24 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393 za ujazo, na kabureta mbili. Kwa vipimo vya zama zile injini hiyo ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151, na gari zima lina uzito unaozidi kidogo kilo 1,000. Wakubwa zetu hawahitaji kuelezwa sifa zake, kwa kuwa ndilo lililoshinda mbio za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, kisha likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ushindi huo ni ushahidi wa kweli kwamba gari hili linavumilia mashimo, tope na vumbi. Hauthibitishi, hata hivyo, kwamba linavumilia chumvi, kwa sababu gari la mbio humaliza safari yake katika siku chache na kurudishwa karakana, ilhali gari la Mjini hulala mwaka mzima likipigwa na upepo wa bahari, kusi likiondoka kaskazi likishika zamu.

Kuhusu magari mengine nitasema machache. MGB ya Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ina spea nyingi sana huko kwao na ufundi wake ni mwepesi, ila mwendo wake ni wa kawaida mno kwa mtu anayetaka kuunda gari la spoti hasa. Mazda RX-7 inapendeza, lakini injini yake ya kuzunguka, isiyokuwa na pistoni za kupanda na kushuka, haitaki uzembe hata kidogo katika oili na upozaji, na fundi anayeijua vyema ni adimu kwetu. Porsche 911 za kuanzia toleo la 1976 zina bodi ya bati lililopakwa zinki, jambo ambalo lingetufaa sana sisi watu wa pwani. Bei yake ndiyo inayozifunga mlango. Toyota Celica ya kwanza, ile iliyoanza mwaka 1970, ndiyo mshindani wa kweli, na mwenye mfuko mdogo sitamlaumu akiichagua. Hata hivyo, 240Z ina mambo mawili yanayonivuta: silinda sita zenye sauti na mvuto ambao silinda nne haziutoi, na springi zinazoliacha kila gurudumu, yote manne, lipande na kushuka peke yake, kiasi kwamba kwenye kona za barabara ya Fumba gari hutulia bila kurukaruka nyuma.

Sasa nije kwenye bati, maana hapa ndipo ununuzi unapofaulu au kuharibika. 240Z haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kutu ikishaila bodi inakuwa imekula uti wa mgongo wa gari. Gari la mwaka 1972 nililolikagua karibuni pamoja na fundi bodi mmoja wa Mwanakwerekwe lilikuwa na rangi nyekundu inayong'aa kama sahani mpya, na muuzaji alikuwa na haki ya kujivunia namna lilivyoonekana kwa mbali. Fundi hakuitazama rangi. Aliondoa kapeti upande wa abiria, akageuza bisibisi na kuanza kugonga sakafu kwa mpini wake, taratibu, kutoka katikati kuelekea pembeni. Katikati bati lilitoa mlio mkavu na mkali. Alipokaribia pembe ya chini ya dashibodi mlio ukawa mzito na butu, na alipogeuza ncha ya bisibisi na kusukuma kidogo tu, ikazama. Kisha alifunga sumaku ndogo kwenye kitambaa laini ili isichubue rangi, akaipitisha nyuma ya mlango, kwenye lile bati la pembe tatu lililo mbele ya gurudumu la nyuma. Sumaku haikushika. Chini ya wekundu ule mlikuwa na puti tupu, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, nene kama kidole.

"Mwanangu," aliniambia, "injini ikifa utaipata nyengine. Bodi ya hili ikishaoza, utanunua nini?"

Mnunuzi aangalie basi sehemu hizi bila haya, hata muuzaji akinuna: sakafu zote mbili na reli zilizo chini yake, bati lililo chini ya betri ambako tindikali na maji husaidiana kazi, madigadi ya mbele kwa ndani nyuma ya magurudumu, bati la chini ya milango, sakafu ya nyuma karibu na taa, na mfereji wa maji ulio chini ya kioo cha mbele. Mfereji huo husahauliwa sana. Majani yakiuziba, maji ya masika hukaa ndani yake, na kutu hushuka polepole hadi kwenye miguu ya dereva bila kuonekana kwa nje. Ushauri wangu ni kununua gari lenye injini mbovu na bodi nzima, hata kama bei yake ni kubwa kuliko lile linalowaka kwa ufunguo mmoja na kuonyesha barabara kupitia sakafuni.

Kazi ya kuchomelea yenyewe inawezekana kufanywa hapahapa, na mikono ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni subira baina ya hatua moja na nyengine. Bati likishakwanguliwa likabaki tupu, lisilale hata usiku mmoja bila prima ya epoksi, kwa kuwa kwa hewa yetu asubuhi utalikuta limeshaota wekundu, na rangi itakayopigwa juu yake itafura baada ya misimu michache. Mashimo ya ndani ya reli na ya chini ya milango yajazwe nta ya kuzuia kutu baada ya kupiga rangi, kwa sababu kutu ya gari hili huanzia ndani na kutokea nje. Upigaji rangi nao ukwepe masika. Mvuke wa miezi hiyo huifanya rangi ipoteze mng'ao na kuwa na ukungu, na hakuna kusugua kutakakouondoa wote.

Ni kwa sababu hiyohiyo ninapinga desturi ya kukata madigadi ya nyuma ili kupachika yale mapana ya plastiki yanayofungwa kwa skrubu. Yanapendeza, nakiri, na asili yake ni matoleo ya Japani yenyewe. Lakini ukingo wa tundu la gurudumu ni mahali ambapo bati la nje na la ndani limeunganishwa. Ukiukata, unafungua uwazi baina ya mabati mawili, na kila tope la chumvi litakalorushwa na tairi litaingia humo. Fundi asiyekuwa tayari kuchomelea upya mshono wote, kisha kuuziba, asikate.

Baada ya bati zifuate breki. Gari lilitoka kiwandani na diski mbele na dramu nyuma, na kwa nguvu ya asili zinatosha, ila anayekusudia kuongeza injini hana budi kuongeza breki kabla. Hapa kisiwa chetu kina bahati, kwa kuwa kalipa, yaani vibanio vya diski, za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 za miaka ya 1979 hadi 1985 hufungwa kwenye 240Z kwa marekebisho madogo, na waundaji wa Marekani wamekuwa wakizitumia kwa miaka mingi. Mtu anayezijua Hilux zetu ataelewa thamani ya jambo hili: spea zake zinaulizika, na fundi hashangai anapoziona. Sharti ni kusawazisha nguvu ya breki baina ya mbele na nyuma baada ya kuzifunga, na kujaribu mahali patupu kabla ya kuingia sokoni Darajani saa za jioni.

Upozaji wa injini unastahili uangalifu ambao wengi hawaupi. L24 ina buloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, na tabia ya kujaza rejeta maji ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za Unguja yana chumvi, huila hedi hiyo kutoka ndani hadi gasketi isipate pa kukaa. Yatumike maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya rejeta, daima, na mipira yote ibadilishwe hata kama inaonekana mizima.

Umeme ni mfupi kuusimulia. Umeme wa taa kubwa katika gari hili hupita moja kwa moja kwenye swichi iliyo karibu na usukani, na ndiyo sababu swichi na fyuzi zake huungua. Rilei mbili, yaani swichi ndogo za kubeba umeme mkubwa, na waya mpya humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Kuhusu kulishusha gari, naomba wasomaji wafikirie barabara watakazopita. Anayekwenda Paje atapita Jozani, ambako matuta yaliwekwa ili kuwalinda kima punju wanaovuka barabara, na mitaani kwetu kila shehia ina matuta yake. Gari lililoshushwa hadi tairi zigusane na madigadi litakwangua ekzosi hapo kila siku. Shokapu mpya, bushi mpya na springi ngumu kidogo kuliko za asili, bila kushusha zaidi ya kiasi cha vidole viwili, ndicho kipimo ninachokiunga mkono, na mwendo wake barabarani unaridhisha kikamilifu.

Injini nimeiacha mwisho kwa makusudi. Wako wanaotoa L24 na kuweka injini mpya zaidi, RB ya Nissan au JZ ya Toyota, na kwa kupima kwa stopwochi wako sahihi. Mimi naona hasara yake: itabidi kubadilisha nyaya, rejeta, gia boksi na difu, na gari litakaa juu ya mawe kwa muda mrefu huku bati lake likipigwa na upepo wa bahari. Njia ninayoipendekeza ni L28, injini ya jamii moja yenye ujazo wa sentimita 2,753, ambayo hukaa palepale ilipokuwa L24 bila kukata chochote, ikifuatana na gia boksi ya gia tano na difu ya R200 kutoka 280Z. Kabureta za asili zenye vichwa vya mviringo zibakie. Zile zenye vichwa bapa zilizoletwa mwaka 1973 kwa soko la Marekani ziondolewe, kwa kuwa zinasumbua katika joto. Kabureta tatu za Weber zina sauti ya kusisimua mno, na anayezitaka nitamwelewa, mradi awe na fundi wa kuzipatanisha na kichujio kizuri cha petroli.

Jambo moja la ndani ya gari lisipuuzwe. Mpira wa mlango wa nyuma na mipira ya taa za nyuma ikizeeka, moshi wa ekzosi huvutwa ndani kila vioo vya pembeni vinapofunguliwa, nasi kwa joto letu hatuna namna ila kuvifungua. Mipira hiyo inatengenezwa mpya na inauzwa, pamoja na sakafu, reli na mabati mengine ya kuchomelea. Kwa hiyo gari lisifunguliwe hata skrubu moja mpaka orodha ya vitu hivyo ikamilike, viagizwe kwa pamoja katika mzigo mmoja, ushuru wake uulizwe mapema, na vyote viwe vimeshatoka Bandari ya Malindi na kuwekwa mahali pakavu, ndipo fundi aitwe.