VNAV ya 737 hii imenitia hasira, na bado naipenda

Nilijiambia nitaandika nikishatulia. Nimesubiri wee, sijatulia, basi acha niandike hivi hivi.

Ni ndege ya simuleta ya kurushia ndege kwenye kompyuta, Boeing 737-800 ile inayouzwa peke yake, wanayoisifia kwamba kila swichi inafanya kazi. Habari za picha na sauti mtazikuta kwingine. Mimi nina jambo moja tu: VNAV, yaani ule upande wa otopailoti unaoamua ndege ipande lini, ishuke lini na kwa kasi gani. Kwa ajili ya hiyo nilitoa hela yote ile, na bando likaniishia kwa kuipakua.

Juzi juzi, jioni, natoka Dar kwenda Kilimanjaro, niko futi 30,000. VNAV hupiga hesabu kinyumenyume. Inaanzia chini uwanjani, inauvuta mstari kwenda juu, na pale mstari unapokutana na mwinuko wako inaweka alama ya T/D: hapo ndipo mshuko unaanza. Hesabu ya kichwani haiachani nayo sana, kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili tatu za baharini. Uwanja wa Kilimanjaro wenyewe uko karibu futi 2,900 juu ya bahari, kwa hiyo nilikuwa na futi 27,000 za kumaliza. Hizo ni maili 81, ongeza kama kumi za kupunguza mwendo. Kompyuta ikanipa jibu lilelile, tofauti maili mbili. Nikashusha namba ya mwinuko kwenye paneli mapema kabisa, maana usipoishusha ndege haiondoki hapo juu hata mstari ukianza kuteremka. Hilo najua, silikosei.

T/D ikafika. Ikapita.

Ndege imetulia tu kwenye futi 30,000. Juu ya skrini maandishi ya kijani yanasema VNAV PTH, eti inafuata mstari. Huku pembeni kialmasi kinachoonyesha mstari uko wapi kinateremka, kinateremka, mpaka kikagota mwisho wa kipimo. Nikaizima VNAV, nikaiwasha. Hapo ndipo ikazinduka, ikainamisha pua kuufukuza mstari, futi 6,000 kwa dakika! Kasi ikavuka noti 340 (maili za baharini kwa saa) na kengele ya mwendo ikaanza kugonga takatakataka bila kupumua. VNAV ya ndege halisi, kasi ikikaribia ukomo, huuacha mstari ikalinda kasi kwanza. Hii haikujali. Mlima ukawa dirisha la kulia, kilele usawa wangu, nami nimeshika breki za hewa kwa mkono mmoja.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwa adabu, jamani, na picha nne, hatua kwa hatua. Jibu likaja mstari mmoja: nisome mwongozo. Hakuna salamu, hakuna pole. Mwongozo huo nimeusoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi. Mteja aliyelipa hajibiwi namna hiyo.

Sasa hapa lazima niseme kweli. Siku chache baadaye nikaruka Nairobi kwenda Zanzibar. T/D ilipofika, vishikio vya injini vikarudi nyuma vyenyewe, pua ikashuka kidogo tu, na kialmasi kikaganda katikati kana kwamba kimepigiliwa msumari. Kabla ya futi 10,000 ilianza kupunguza mwendo yenyewe, tukazipita ikiwa noti 240. Sikugusa kitu. Nilikaa kimya nikaitazama, moyo mweupe kabisa, nikataka kufuta malalamiko yangu yote.

Nikarudi Kilimanjaro. Ikagoma. Nikarudia mara tatu, ikagoma mara tatu. Ya nne nikabadilisha kitu kimoja: kwenye kituo kimoja cha njiani nilikuwa nimeandika 13000A, maana yake pita hapo ukiwa futi 13,000 au juu yake. Nikaondoa ile A. Ndege ikashuka kwa wakati wake, taratibu. Nikairudisha A, ikagoma tena. Na kweli, safari ya Zanzibar sikuwa nimeandika A popote. Basi kosa si langu, ni lao, na si dogo: masharti ya “au juu yake” yamejaa kwenye ramani za kushukia, hasa penye milima, penye haja nayo zaidi. Niliwatumia hilo pia. Mpaka leo kimya.

Nilitaka kuipa nyota moja. Kwa ule mshuko wa Zanzibar nikapandisha hadi nne, sijaona simuleta ikishuka vizuri vile. Nikikumbuka ule mstari mmoja wa majibu, nashusha hadi mbili, na hapo ndipo naiacha. Wakiirekebisha A nitarudi kuandika upya, naahidi. Kwa sasa Kilimanjaro naishukia kwa LVL CHG, ile namna ya kushuka kwa kushika kasi tu bila kufuata mstari, na karatasi ya hesabu ya maili tatu iko pembeni ya kibodi.