Windows 10 imeachwa: ubaki, uhamie Linux Mint, au ununue kompyuta nyingine?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imesitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Lakini tundu la usalama litakalogunduliwa kesho halitazibwa kwa asiye na mpango wa nyongeza (chaguo la tatu), na kompyuta hiyohiyo ndiyo unayoingilia benki na barua pepe. Office 2016 na Office 2019 nazo ziliachwa siku ileile.

Windows 11 inadai TPM 2.0 (kipande cha usalama kilichomo ndani ya kompyuta) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au Ryzen za AMD, nyingi kuanzia mfululizo wa 2000. Sasa angalia mitumba iliyojaa madukani Kariakoo na Luthuli: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Dell Latitude E7470. Zote ni kizazi cha sita. Ni mashine imara, zina kibodi nzuri, na RAM na SSD zake hubadilishwa kwa bisibisi tu. Kuzitupa ni hasara isiyo na sababu.

Kabla ya kuchagua, chukua karatasi uandike kazi zote unazofanya kwenye kompyuta kwa wiki nzima. Wengi watakuta ni kivinjari, Word, Excel, PDF, filamu na WhatsApp, ambazo zina njia kwenye mfumo wowote. Kinachoamua ni ile programu moja isiyohama: TallyPrime ya mhasibu, Photoshop ya mpiga picha, AutoCAD ya fundi ramani, au fomu ya KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) inayokuja kama faili ya Excel yenye makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili). Ukiwa nayo, na ndiyo inayokulisha, ruka moja kwa moja hadi chaguo la pili.

1. Linux Mint kwenye kompyuta uliyo nayo

Linux Mint ni mfumo unaochukua nafasi ya Windows. Naiweka ya kwanza bila kusita kwa wanafunzi, walimu, waandishi na matumizi ya nyumbani. Ni bure kihalali, haihitaji ufunguo wala programu ya kukraki (ambayo mara nyingi ndiyo inayoingiza virusi), na toleo la 22 litapata masasisho hadi 2029. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 ipewe Mint ya sura nyepesi, Xfce. Yenye GB 8 itabeba sura ya Cinnamon vizuri, na sura yake haitamshangaza aliyezoea Windows. Kwa wanaoishi kwa bando kuna nafuu nyingine: masasisho hayaanzi kujipakua yenyewe katikati ya kazi. Unayaona kwenye orodha pamoja na ukubwa wake, kisha unaamua uyapakue lini.

Faili ya kusakinishia ina takriban GB 3. Ukishaiandika kwenye flashi unaweza kuwasha Mint kutoka humo bila kugusa chochote kwenye diski. Tumia nafasi hiyo vizuri: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, modemu na printa. Printa za HP kwa kawaida hazisumbui. Za kampuni nyingine zijaribu kwanza. Kisoma alama za vidole usikitegemee.

Gharama halisi iko kwenye Word. LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word na Excel, inafungua na kuhifadhi docx, na fonti zake za Carlito na Liberation Serif zina vipimo sawa na Calibri na Times New Roman, kwa hiyo barua na ripoti za kawaida hubaki zilivyo. Jedwali zito, vichwa vyenye mapambo na makro ndivyo vinavyovurugika. Ukipeleka kazi steshenari kuchapa, peleka PDF kila mara. Lakini kama msimamizi wako wa tasnifu anarudisha docx iliyojaa masahihisho ya pembeni, fungua faili hizo kwenye LibreOffice sasa, ukiwa bado na Windows, uone kama maoni yake yote yanaonekana mahali pake. Mwanafunzi aulize pia chuo kinatumia nini kwenye mitihani ya mtandaoni: Safe Exam Browser, kivinjari cha kufanyia mitihani, kwa mfano, haina toleo la Linux.

2. Mtumba wa kizazi cha nane wenye Windows 11

Hapa ndipo mhasibu na mbunifu wanapaswa kwenda. Tafuta ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au Latitude 7490. Usitosheke na neno "i5". Soma namba inayofuata kistari: i5-8350U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita, na muuzaji anaweza kukuuzia zote mbili kwa jina moja la "Core i5". Jihadhari hasa na G4 na T470, ambazo majina yake yanakaribiana na ya G5 na T480 lakini hazikidhi vigezo. Papo hapo dukani andika tpm.msc kwenye kisanduku cha Run uone kama inataja 2.0, kisha hakikisha Windows imeamilishwa kihalali. Endesha pia powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt ili ulinganishe uwezo wa betri wa sasa na ule wa kiwandani. Betri ndiyo inayochoka kwanza kwenye mitumba.

3. Kubaki Windows 10 kwa muda

Microsoft ina mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au hulipi kitu ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Ni daraja zuri kwa aliye katikati ya tasnifu.

4. ChromeOS Flex

Mfumo huu wa Google ni mwepesi na salama, ila kila kitu kinapita kwenye kivinjari na akaunti ya Google, na haina Play Store. Bando likiisha, kazi nyingi zinasimama.

5. MacBook iliyotumika

Air ya M1 ya 2020 bado ni kompyuta nzuri mno. Mac ya Intel iache hata ikipunguzwa bei: Apple imetangaza kuwa macOS Tahoe ni toleo la mwisho kwa prosesa hizo.

Fundi akikwambia anaweza kuisukumia G3 yako Windows 11 kwa kuruka vigezo, ni kweli anaweza. Ila Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine hiyo, na masasisho ndiyo uliyoyafuata.

Huduma za mtandaoni zinastahili uangalifu kuliko mfumo wenyewe, kwa sababu ndizo zinazokufunga. Manenosiri yaliyohifadhiwa ndani ya Edge yahamishie Bitwarden, programu ya kutunza manenosiri, ambayo ni bure na iko kwenye mifumo yote na simu. Google inatoa GB 15, zinazogawanwa na Gmail, picha na chelezo ya WhatsApp ya Android. OneDrive na iCloud hutoa GB 5 kila moja. Huduma ya barua pepe ya Proton ya Uswisi inalinda faragha zaidi, lakini nafasi ya bure ni ndogo, na kuisoma barua ndani ya Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, kunahitaji kulipia. Popote utakapokaa, rekebisha namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Laini isiyotumika hugawiwa mtu mwingine, na akaunti ya Google iliyolala miaka miwili inaweza kufutwa.

Kwa hiyo anza na programu, mfumo ufuate. Sakinisha LibreOffice, Firefox na Thunderbird kwenye Windows hiyohiyo, uzitumie kwa kazi halisi mwezi mzima. Ukiona umezizoea, nakili faili zako kwenye diski ya nje, uzifungue chache kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ziko sawa, ndipo uwashe flashi ya Mint. Kama nafasi inatosha, chagua kusakinisha kando ya Windows badala ya kufuta diski yote.