Siku Mbili Ndani ya Jumba Kongwe Lililogeuzwa Hoteli

Sisi tuliozaliwa Unguja majumba ya Mji Mkongwe tumeyazoea kwa nje: tunakaa kwenye baraza zake na kupita chini ya roshani zake, lakini ni wachache waliowahi kupanda ngazi zake tangu yalipogeuzwa hoteli za kifahari. Mwezi uliopita nilipata nafasi hiyo pamoja na shangazi yangu, ambaye utotoni aliishi katika chumba cha kupanga mtaa wa pili kutoka hapo, katika miaka ya baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati majumba mengi yalikuwa mikononi mwa serikali. Jina la hoteli silitaji, kwa kuwa ninayo malalamiko na sipendi kumwaibisha mtu.

Mlango peke yake unatosha kumsimamisha mpita njia. Ni tarabe mbili nzito, mfaa wake, yaani ubao wa katikati, umechongwa nakshi kuanzia juu hadi chini, na njumu za shaba husuguliwa kila asubuhi mpaka zinang'aa. Ndani, mpokezi alituamkia kwa Kiingereza. Shangazi alimtazama, akamuuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?" Kijana akainamisha kichwa kwa haya: "Shikamoo bi mkubwa. Kwetu Kwahani." Tangu hapo alituhudumia kama wazee wake, akatutafutia na bei ya wakaazi, ambayo haikuwamo katika karatasi ya bei iliyoandikwa kwa dola mezani pake.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili, kirefu na chembamba. Mgeni asiyejua huweza kukilalamikia, lakini upana wa vyumba vya mji huu ulipimwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, nazo kwa kawaida hazivuki mita 3 hivi. Samadari, kitanda cha mbao cha kienyeji, ilikuwa ya kweli, si ya kuigiza, na vidaka vya ukutani vimeachwa wazi badala ya kujazwa mapambo ya dukani. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene kiasi kwamba mkono wangu, nilipoulaza dirishani, haukufika upande wa pili. Unene huo, pamoja na ua wa kati unaopandisha joto juu, ndio uliowawezesha waliotutangulia kulala vizuri mwezi wa Februari bila umeme.

Kwa hiyo nilisikitika kukuta dirisha la upande wa bahari limepigiliwa misumari ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Niliomba lifunguliwe, fundi akaja na koleo, akang'oa misumari minne, na usiku ule tulilala kwa upepo wa pwani na sauti za watu wanaorudi kutoka Forodhani, kiyoyozi kimezimwa. Wageni wanaotozwa fedha nyingi vile wangestahili kuambiwa kwamba nyumba inajua kujipoza yenyewe.

Lalamiko langu kubwa, hata hivyo, ni la ukutani. Chini ya dirisha lile lile palikuwa na kiraka cha saruji kilichopakwa rangi nyeupe kikafanana na chokaa. Nilikigusa kwa ukucha, kikamwaga unga wa chumvi, na pembeni yake lipu ilikuwa imevimba kama mkate uliochacha. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chokaa huuachia utoke. Saruji huufungia ndani, ukaendelea kuula ukuta pasipoonekana. Mji uliomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ulioshuhudia sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, ikiporomoka Disemba 2020, haukosi mafundi wa chokaa. Meneja nilipomwonyesha alisema saruji hukauka haraka na vyumba haviwezi kukaa bila wageni. Jibu hilo lilinipa huzuni kuliko kiraka chenyewe.

Staftahi hutolewa juu ya paa, ambako mtu huona mabati yenye kutu, minara na majahazi kwa pamoja. Kilicholetwa kwanza ni mayai, mkate wa kuchoma na jemu, chakula ambacho ungekila popote duniani. Shangazi akauliza wafanyakazi wenyewe wanakula nini, na baada ya mashauriano jikoni tukaletewa mbaazi za nazi, mandazi ya moto na chai ya maziwa yenye iliki. Kwa nini mlo huo umefichwa jikoni, sijaelewa.

Ngazi ni za mwinuko mkali na lifti hakuna, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini wakati wa kuagiza. Shangazi alizipanda mara nne kwa siku akishika ukuta, na kila alipofika kwenye kona alisimama kidogo na kuupapasa kwa kiganja, akisema huu bado ni wa chokaa.