Tahadhari: Muuzaji wa Maboksi ya Hita "Yaliyokarabatiwa Upya"

Ndugu zangu wapenzi wa magari ya zamani, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza mtandaoni maboksi ya hita (yale yenye rejeta ndogo na feni inayopuliza hewa ya moto ndani ya gari) ya magari ya Marekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yale ya injini kubwa za V8, hasa Dodge Charger na Plymouth Barracuda. Simtaji kwa jina kwa sababu tangu nianze kumfuatilia amekwisha kubadilisha jina mara tatu, na jina nitakaloliandika leo, kesho halitamsaidia mtu. Mbinu yake ndiyo haibadiliki, na hiyo ndiyo ninayotaka muitambue.

Tangazo lake huandikwa vizuri sana. Anaahidi boksi lililofunguliwa na kusafishwa, rejeta ndogo ya ndani iliyopimwa kwa presha, vilango vya hewa vilivyowekewa sponji mpya, na mota ya feni iliyofanyiwa huduma. Kisha anaweka sharti la kubadilishana: umtumie kwanza boksi lako la zamani pamoja na malipo, naye akutumie lililokwisha kutengenezwa, ili usisubiri. Sharti hilo si geni katika biashara ya vipuri, ndiyo maana sikulitilia shaka. Boksi langu lilikuwa na ufa mmoja tu kwenye kona ya chini, na rejeta yake ya asili ya shaba haikuwa ikivuja hata tone.

Lililokuja lilikuwa liking'aa kwa rangi nyeusi ya kupuliza, kama kiatu kilichotoka kupigwa kiwi. Nililigonga kwa kijiko upande mmoja likalia kavu, kama faiba (plastiki yenye nyuzi za kioo iliyotengenezea boksi) inavyopaswa kulia, lakini upande unaotokea mabomba ya maji likatoa sauti nzito iliyokufa. Nilipokwangua kwa ncha ya kisu, chini ya rangi ikaonekana bodifila, ile lipu ya kuzibia bodi za magari, imejazwa kwenye tundu lenye upana wa viganja viwili, bila hata kipande cha kitambaa cha faiba cha kuishikilia. Kilango kinachopeleka hewa kwenye kioo cha mbele kilikuwa na sponji mpya kweli, ila nilipoibonyeza kwa kidole gumba ilibanduka pamoja na magamba ya kutu, kwa kuwa alikuwa ameigundisha juu ya kutu hiyo hiyo. Rejeta nayo ilikuwa imepulizwa rangi nzito hadi katikati ya mapezi yake, jambo ambalo fundi makini halifanyi, maana rangi ya namna hiyo hupunguza joto linalopita kwenda kwenye hewa. Nilipoizamisha kwenye beseni la maji na kuitia upepo, mapovu yalitoka sehemu nne, mojawapo kwenye mshono wa tangi lake, ambako risasi ya kulehemu ilikuwa imemwagwa juu ya uchafu.

Mimi niliyagundua hayo siku mzigo ulipofika, kwa kuwa nina mazoea ya kufungua kila kipuri. Wengi hawafungui, na hapo ndipo biashara yake inapostawi. Mtu anayefufua gari zima hununua boksi la hita mapema, akaliweka kwenye rafu akiendelea na bodi na rangi, akalifunga ndipo arudishe dashibodi, na maji yakapita ndani yake kwa mara ya kwanza siku injini inapowashwa, pengine mwaka mmoja baadaye. Wakati huo muda wa kudai pesa umekwisha pita. Dalili zinaanza: harufu tamu ya kulanti (maji ya kupozea injini) ndani ya gari, ukungu wenye utelezi kwenye kioo cha mbele usiotoka hata ukiufuta, na zulia lililolowa upande wa abiria. Sasa mwenye gari anaanza upya kufungua mipira ya maji, nati za upande wa injini, kebo za swichi za hewa, na mara nyingi sehemu kubwa ya dashibodi aliyoihangaikia. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kazi hiyo naijua.

Kwa hiyo lipimeni boksi siku hiyo hiyo linapofika. Toeni rejeta, zibeni bomba moja kwa kipande cha mpira chenye bolti na klampu, na lingine mliunganishe na pampu ya mkono yenye geji. Tieni upepo polepole hadi psi 15 hivi, ambayo inakaribia presha ya mfumo wa kupoza wa magari haya injini ikiwa ya moto, kisha izamisheni kwenye maji kwa dakika 15. Msitumie kompresa bila kidhibiti presha, kwa maana mtapasua hata rejeta nzima. Sogezeni kila kilango kwa mkono hadi mwisho, mhakikishe kinakaa bila kuacha mwanya. Kabla ya kulipa, ulizeni pia kama boksi ni la gari lenye kiyoyozi au lisilo nacho, kwa kuwa hayo ni maboksi mawili tofauti. Na mkikwangua faiba, vaeni barakoa.

Kuhusu malipo, alinitaka nitume pesa kana kwamba namtumia ndugu au rafiki, akidai kwamba makato ni madogo. Nilikubali, na lilikuwa kosa langu kubwa, kwa sababu malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi. Nilipompelekea picha za mapovu alijibu kwamba nimeipasua mwenyewe, kisha akanyamaza. Atakayewataka mtume boksi lenu kabla hajatuma la kwake, msimpe.

Boksi langu bado liko mikononi mwake, au limekwisha kuuzwa kwa mmoja wenu kwa nia njema. Kona ya chini yenye ufa niliifunga kwa ribiti tatu za shaba, na ndani ya kilango kikubwa cha hewa nilikwaruza tarehe, 14/6, kwa msumari. Atakayeliona aniandikie hapa chini, nami nitamlipa gharama aliyoingia.