Wamemnyang'anya bibi sauti yake halafu wanataka tuwapigie makofi

Filamu za hawa jamaa wa studio ya hapa kwetu Dodoma nimezifuata tangu wanaanza, nimewatangazia bure kwa ndugu na majirani, nimelipia kuangalia kwenye simu wakati wenzangu wanarushiana tu WhatsApp, kwa hiyo asije mtu kuniambia nina chuki. Sina chuki, nina hasira. Hii mpya wametukosea sana.

Kwa ambao hamjaiona, ni habari ya bibi mmoja wa Matumbulu anayeishi peke yake kwenye tembe, mjukuu wake anatoka mjini kuja kumshawishi auze shamba maana barabara ya mzunguko imepita huko na viwanja vimepanda bei. Stori nzuri kabisa, tena ya kweli, nani hapa Dodoma hana ndugu aliyegombana na ndugu yake kwa ajili ya kiwanja? Na yule bibi sio staa wa mjini aliyepakwa unga kichwani aonekane mzee, ni mzee kweli, ukimuona mikono tu unajua ameshika jembe maisha yake yote. Kwenye trela alikuwa anaongea kwa sauti yake, Kigogo kinaingia kwenye Kiswahili, Kiswahili kinarudi kwenye Kigogo, wote tukaipenda, ile klipu kila mtu alikuwa nayo kwenye simu.

Sasa tumekaa ukumbini, mimi na mama yangu mkubwa, mjukuu anagonga mlango, bibi anafungua, anamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, anaanza kumsalimia. Mnajua salamu za wazee wetu, ataulizia nyumbani, ataulizia watoto, mvua, ng'ombe, hana haraka. Mdomo unacheza weee, lakini sauti inayotoka ni ya binti wa Dar, laini, ya mtangazaji wa redio, "Karibu mjukuu wangu", basi. Imeisha. Mdomo wa bibi unaendelea kucheza na hakuna kitu kinachosikika, hata kuku waliokuwa uani wamefutwa, hata upepo. Kimya kama simu iliyokatika.

Ukumbi ukacheka. Walimcheka bibi! Mzee wa watu amefanya kazi yake vizuri kuliko wote mle ndani, halafu watu wanamcheka yeye kwa kosa la mtu aliyekaa na kompyuta yake akaamua sauti ya mwanamke wa Kigogo haifai kusikika. Mama mkubwa akaniinamia akaniuliza, "Huyu bibi mbona anaongea kama katoto?" Nikakosa la kumjibu. Na ndo ilivyoenda mpaka mwisho, kila bibi akifungua mdomo watu wanaguna.

Ilipoisha nikamfuata jamaa aliyetambulishwa kama prodyuza, kwa heshima zote. Nikamwambia kaka hongereni kwa kazi, ila sauti ya bibi imekuwaje? Yuko bize na simu, hata uso hakuinua: "Kigogo hakiuzi dada, soko liko Dar." Nikamwambia si mngeweka tu maandishi chini, watu wasome? Akasema, "Dada angu, ukitaka Kigogo nenda kijijini," akageuka kupiga picha na wenzake. Mama mkubwa amesimama pale pale pembeni yangu na kitenge chake cha sikukuu, amesikia kila neno, na yule kijana hakumpa hata shikamoo. Mtu mzima yule! Hii ndo iliyoniuma kuliko hata hela ya tiketi.

Hakiuzi kivipi? Marehemu Hukwe Zawose alizunguka dunia na ilimba na zeze anaimba Kigogo hicho hicho, mpaka anafariki 2003 wazungu walikuwa wanakata tiketi kumsikiliza na hawaelewi hata neno moja. Leo mtu yuko Dodoma, makao makuu ya nchi, anatuambia turudi kijijini.

Na kinachouma zaidi hawa watu wanajua kazi. Ile filamu yao ya mtumishi aliyehamishiwa Dodoma baada ya serikali kutangaza kuhamia huku 2016, mke kagoma kutoka Dar, jamaa anahangaika na chumba cha kupanga na vumbi, ile niliirudia mara nyingi tu na bado naipenda. Ya wakulima wa zabibu wa Hombolo nayo, kuna sini mnunuzi anakamua tone la zabibu kwenye kile kipimo cha sukari, anakielekeza kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anatingisha kichwa, na mkulima anaangalia tu, matenga yake yameshajaa na zabibu ikishaiva haimngoji mtu. Hapaongelewi chochote pale na unasikia tumbo linakukata. Wakaja kuiharibu kwa kuikata sehemu ya kwanza na ya pili, ugonjwa ule ule wa Bongo Movie wa miaka yote, stori ya saa moja na nusu unauziwa mara mbili. Hilo tuliwasamehe.

Hii mpya ina mambo mengine pia, mfano mjukuu anasema ni mwezi wa saba halafu inanyesha mvua kubwa, mwezi wa saba, Dodoma! Mvua yetu inaanza kwenye Desemba huko na ikifika Mei tumeshasahau matope. Lakini hata hilo ningelinyamazia.

Nilitaka kuwaambia msiende kabisa. Ila nitakuwa mwongo nisiposema kuhusu ile ngoma ya muheme karibu na mwisho. Wakina mama wamebana ngoma katikati ya mapaja, wanapiga, vumbi linapanda, na pale sauti wameiacha kama ilivyorekodiwa, unasikia viganja kwenye ngozi, unasikia pumzi zao. Mama mkubwa alikuwa anatikisa mabega kwenye kiti. Kwa sini ile peke yake nendeni, kweli tena. Halafu nikikumbuka kwamba hata pale bibi anaposimama kucheza na kuita wenzake wamemuwekea tena kale kasauti, natamani niwaambie mrudishiwe hela zenu.

Sauti ya bibi mnayo, tumeisikia kwenye trela, kwa hiyo msije kutuambia ilipotea. Irudisheni, wekeni maandishi chini kwa ajili ya hao wa Dar, mtoe filamu upya na mimi nitalipia tena tiketi ya kwangu na ya mama mkubwa. Na yule prodyuza siku hiyo aanze kwa kumpa shikamoo yake.